Ukurasa Aliokataa Kuuchapa

Katika riwaya yangu, ile ambayo majirani wamechoka kuniulizia, kuna ukurasa uliokaa mweupe kwa miaka sita. Ni ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Namba yake ilikuwapo, chini katikati, imepigwa safi. Juu ya namba hapakuwa na kitu. Mpigachapa aliniachia hivyo kwa makusudi. "Nimekuwekea nafasi, mtani," aliniambia. "Ukipata cha kweli, njoo tujaze." Kisha akamgeukia mteja aliyetaka kopi mbili za cheti cha kuzaliwa, nami nikabaki nimeshika bunda langu kama mtu aliyerudishiwa posa.

Nilitaka kukasirika. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimefundisha fani na maudhui tangu nina nywele, nimesahihisha insha za watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, nimeandika "Hueleweki!" pembeni mwa kurasa nyingi kuliko nilizowahi kuandika mwenyewe. Leo mwanamke mwenye duka la kutoa kopi ananirudishia mswada wenye mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza! Lakini kukasirika sikuweza, maana yule mama alikuwa mtani wangu: yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi.

Kwa asiyejua, nimweleze. Zamani za misafara babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka huku hadi pwani, wakafikia kwa Wazaramo, wakala kwao, wakaugua kwao, wengine wakazikwa kwao. Katika kuuguzana na kuzikana huko ukazaliwa utani. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote mbele ya yeyote, hata msibani, hasa msibani, na ukinuna ni wewe uliyekosa adabu. Kwa hiyo Mungu alinipa mhariri ambaye mila inanikataza kumnunia. Sijui alikuwa ananipenda au ananichezea.

Duka lake lilikuwa mtaa wa Mtendeni, hapa Tabora, limebanwa kati ya fundi viatu na duka la vitambaa la Mhindi. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, mashine ya kopi iliyopigwa kofi kila asubuhi ili iamke, maua ya plastiki ya rangi ambazo hakuna ua la Mungu limewahi kuzipata, na juu ya rafu taipureta yake ya zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama maiti ya mtu mwenye heshima. Miwani yake ilifungwa kwa lastiki nyuma ya kichwa. Alikuwa amechapa kila kitu katika mji huu: mikataba ya viwanja, barua za kuomba kazi, barua za kuacha kazi, kadi za harusi na, miaka michache baadaye, hati za talaka za hao hao.

Salamu yetu haikubadilika. "Shikamoo, mtani." "Marahaba, mpagazi wangu. Haya, tua mzigo." Nikitua bahasha juu ya kaunta, na kama ni miezi ya baridi, Juni au Julai, alinitazama juu hadi chini akauliza, "Koti la nani hilo?" Nami nilijibu, "Langu, mtani." Akasema, "Linakupendeza." Ni koti la sufu la kahawia, kiwiko kimoja kina kiraka. Nilidhani anausifu mwonekano wangu, kwamba nimeanza kufanana na mwandishi. Nilikuwa nasimama kidogo ubavu ili kiraka kionekane.

Tulikuwa tumekutana mara moja kabla ya hapo, miaka mingi nyuma, kwenye msiba kule Bukene. Hakuna kati yetu aliyelitaja jambo hilo dukani. Nitalifikia. Mvumilieni mtu ambaye mwenyewe lilimchukua muda kulifikia.

Kazi yake aliifanya hivi. Hakuchapa ukurasa wowote kabla hajausoma kwa sauti, na aibu yangu haikumhusu. Alisoma mbele ya wateja: wanachuo na flashi zao zenye virusi, mzee wa hati ya kiwanja, bibi harusi mtarajiwa na orodha ya kamati. "Jicho lina huruma," alikuwa akisema. "Jicho linaruka shimo. Ulimi unatumbukia." Palipomkata pumzi aliweka kidole akaniangalia. "Hapa, mtani, umeniua. Sentensi imeondoka Tabora asubuhi na mpaka sasa haijafika Urambo." Nikajitetea kwamba hiyo ni mbinu ya kisanaa. Akasema sawa, isome basi wewe hiyo mbinu. Niliisoma. Katikati nikakohoa. Ile sentensi niliikata vipande vitatu, kipande cha pili nikakitupa, na hadi leo hakuna aliyekitafuta.

Zaidi ya kunisikiliza mimi, aliwasikiliza wateja. Wakiendelea na simu zao, alikunja kona ya ukurasa. Mtu akiuliza "Halafu?" aliuacha umenyooka. Hiyo ndiyo shahada pekee aliyokuwa akitoa. Sura yangu ya tatu, ambayo mimi niliiona kilele cha fasihi ya kanda nzima ya magharibi, ilirudi kona zote nne zimekunjwa, imekuwa kama sambusa.

Siku moja alikuwapo mfugaji kutoka Choma, kule Igunga, amekuja kutoa kopi ya kibali cha kusafirisha ng'ombe. Mpigachapa akawa anasoma pale shujaa wangu anaponywesha kundi mtoni mwezi wa kumi. Maji yanameremeta, ng'ombe wanakunywa "kwa utulivu mkubwa". Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, fimbo kaiegemeza kwenye mashine ya kopi.

"Mwalimu," akasema, "mto gani huo wa kwetu wenye maji mwezi wa kumi? Utuelekeze, tuhamie."

Duka zima likaangua kicheko. Kisha akaniambia, sasa kwa upole, kwamba mwezi wa kumi watu huchimba mchanga kwenye korongo, mtu mmoja anaingia shimoni anachota kwa kopo, mwingine juu anapokea, ng'ombe wanapangwa zamu, na wale wanaosubiri zamu hulia hivi. Akatuonyesha wanavyolia. Niliandika kila neno. Ukurasa ule baadaye ulisifiwa na mchapishaji, alisema unaonyesha nina uzoefu mkubwa wa mifugo. Nimewahi kufuga kuku wawili, na mmoja alikuwa wa jirani.

Tangu siku hiyo Mpigachapa alianza kuniachia vinafasi vidogo, vya urefu wa neno moja. Nikiandika "walikula chakula", ananiletea "walikula", kisha peupe. Nikajaza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika vilivyonilea, nikashangaa kwa nini sikuvitaja tangu mwanzo. Niliona haya, nadhani. Nilifikiri chakula cha vitabuni ni kingine. Nikiandika "mti mkubwa", anaacha peupe. Nikajaza mninga. "Enhe," akasema, "mninga huo umesimama au umeshakuwa mbao?" Swali hilo likanizalia sura nzima ya mbao za wizi, na ndiyo sura ambayo fundi viatu wa jirani alikuja kuisikiliza huku ameshika kiatu cha mtu mkononi.

Aibu yangu kubwa ilikuwa salamu. Sisi ni watu wa salamu, hilo silikani. Katika riwaya yangu mtu hakuazima chumvi kabla ya shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za watoto, za mvua, na kwa wale wa vijijini nilitia na mwangaluka. Ukurasa mzima na nusu watu wanasalimiana, chumvi bado iko kwa jirani. Mpigachapa alizisoma zote kwa adabu, hakuruka hata moja. Alipomaliza akavua miwani.

"Mtani, katika salamu zote hizi nani hakuitikiwa?"

"Wote wameitikiwa."

"Basi hazina kazi. Niandikie shikamoo siku ile isiyoitikiwa."

Nilikwenda nyumbani nikinung'unika. Lakini nilifuta zote, nikaacha moja: mpwa anaamkia, mjomba anafunga mkoba wake polepole, hajibu. Siku ya kuisoma, bibi harusi aliinua uso kutoka kwenye orodha yake. "Halafu?" akauliza. Jamani, nilitaka kumchangia harusi.

Na "ghafla"! Nilikuwa na maghafla arobaini na tisa, alinihesabia. "Anayetaka kunishtua habishi hodi," akasema, akayafuta yote bila kuniuliza. Kuna mzee pia katika kitabu changu, mwenye hekima, ambaye kila akifungua kinywa ilitoka methali. Alimsoma kurasa tatu, akaniuliza, "Huyu mzee haumwi mgongo? Haendi chooni? Hajawahi kuomba tumbaku?" Nikampa mzee maumivu ya mgongo. Methali zikapungua zenyewe, maana mtu anayeumwa mgongo hana muda wa methali.

Hapo mwanzo kabisa, kabla ya yote hayo, nilikuwa na utangulizi wa kurasa kumi na nne kuhusu njia ya misafara. Nilikwenda maktaba, nikasoma, nikajaza. Yeye akasoma siku mbili. "Mpagazi wangu," akasema, "msafara umetoka Bagamoyo, umevuka Ugogo, umefika hapa, umepumzika, unajiandaa kwenda Ujiji, na baba wa hadithi bado amelala. Mwamshe." Nikamweleza kuwa msomaji anahitaji historia. "Babu yako alipobebeshwa mzigo," akasema, "aliuinua kwanza kuujaribu. Akiona umezidi, anasema mapema, palepale uwanjani. Wewe unambebesha msomaji bila kumwonjesha, akiutupa njiani utamlaumu?" Kati ya kurasa kumi na nne zilibaki sentensi mbili. Nilizipigania zote mbili, na sasa naona moja ingetosha.

Msidhani alikuwa malaika wa ukweli. Wateja asiowapenda aliwaambia mashine imekufa, na mashine inanguruma pale pale. Mimi alinikataza mapambo, lakini barua za mwanawe wa Mwanza alizianza kwa "Ni matumaini yangu u buheri wa afya, nami huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali nami," hata kama walikuwa wameongea kwa simu asubuhi hiyo. Nilipomkamata akasema, "Hiyo ni barua, siyo hadithi. Barua huvaa." Mchezo wa redioni wa saa kumi ulimliza kila wiki, hasa pale ambapo mimi ningepewa ukurasa mweupe. Na riwaya hakuwahi kumaliza hata moja. Alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akasema katikati watu huwa wanatafutana tu.

Kilichonikera zaidi ni viapo vya mahakamani. Alichapa uongo wa kutisha, mtu ameapa hamjui mke wake mwenyewe, na hakuacha nafasi hata ya herufi. Nikamuuliza, mbona huyu humwachii mapengo? Akanijibu huku vidole vinakimbia:

"Huyu ameapa mwenyewe, uongo ni wake. Wewe hujaapa. Wewe uongo wako nikiuchapa, unakuwa wa kwangu."

Sasa turudi kwenye ule ukurasa. Riwaya inamhusu baba yangu, karani wa mizigo katika stesheni ya Bukene. Ukurasa wa mia na kumi na mbili ni wa mazishi yake. Nilikuwa nimeuandika kwa ustadi wote niliokuwa nao, na ustadi wangu mnaujua sasa. Kimya kilitanda. Ndege waliacha kuimba. Machozi yalinitiririka, nikasimama, nikasoma wasifu wa marehemu kwa sauti iliyotetemeka lakini imara. Niliuleta. Akausoma, peke yake katika kurasa zote akausoma kimoyomoyo, akaniletea karatasi nyeupe yenye namba.

Nikauandika upya. Nikaongeza mvua. Mweupe. Nikatoa mvua nikaweka upepo. Mweupe. Nikaandika kwa nafsi ya tatu, nikaandika kwa wakati uliopo, mwaka mmoja nikajaribu hata kuuandika kama shairi, Mungu anisamehe. Saba nilipeleka, saba zilirudi nyeupe. "Cha kweli, mtani," ndilo neno lake pekee. "Nafasi ipo."

Kisha mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam, aliyeona sura mbili za mwanzo, akaniandikia kwamba angependa kuona kazi nzima, na kwamba orodha yao ya mwaka inafungwa karibuni. Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa miaka hamsini na tatu, nakaribia kustaafu, na katika maisha yangu sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kile kitabu. Nilitaka jina la baba lisomwe na mtu asiyemjua. Nikachukua mswada, nikapita nyuma ya soko ili asinione, nikaupeleka kwenye steshenari nyingine. Kijana wa huko alichapa kila kitu kwa siku mbili, hakuuliza mti gani. Ukurasa wa mazishi ulitoka umejaa hadi pembeni. Nikautuma.

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Walikuwa waungwana. Walisifu mbao za wizi, walisifu ng'ombe. Sentensi ya mwisho ilisema: "Sura ya mazishi hatujaiamini, mwandishi akiifanyia kazi, tupo tayari kuusoma mswada tena."

Nilirudi Mtendeni. Kumbe mji mzima ulikuwa unajua, maana kijana wa steshenari ile anakuja kwake kununua wino.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, siyo? Huyo kaubeba mbio, hakuusikia hata uzito." Alicheka mpaka lastiki ya miwani ikafyatuka. Kisha akaacha kucheka. "Nihesabie waliokuwapo kwenye mazishi hayo."

Nikahesabu. Mama. Baba wadogo wawili. Wafanyakazi wa reli. Majirani. Mimi.

"Ongeza mtu mmoja," akasema.

Sikumuuliza ni nani. Nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza nilipoingia dukani kwake, na ndiyo maana ndege wangu waliacha kuimba, ili nisisikie kilichokuwa kikisikika.

Ilikuwa hivi. Baba yangu aliivaa miwani yake kichwani na kuitafuta kila asubuhi ya maisha yake. Alipekua mifuko ya koti, alipekua chini ya mto, akapaza sauti, "Nani kaiba miwani yangu? Treni inakuja, sijasoma hati za mizigo!" Na mama, bila kugeuka kutoka jikoni, alimjibu kila asubuhi, "Iko kichwani kwako, mzee wewe." Hayo ndiyo maneno niliyoamkia utoto wangu wote.

Alipofariki nilikuwa nafundisha mbali, wakanisubiri siku mbili. Siku zote mbili mama hakusema neno. Nilifika na wasifu wa kurasa nne. Nilikuwa nimeuandika njiani, na nauonea haya hadi leo. Neno "adhimu" lilimo mara sita. Nilipokuwa najiandaa kuusoma, akatoka ndani mwanamke wa Kizaramo, mke wa mfanyakazi mwenzake baba, mtani wetu. Amevaa koti la baba, la sufu, la kahawia. Miwani ya baba kaiweka kichwani. Anatembea kama baba, bega moja mbele. Akapekua mifuko. Akainua mkeka wa wazee, akachungulia chungu cha mboga, akapaza sauti ya baba yangu haswa: "Nani kaiba miwani yangu? Treni inakuja!"

Watu waliangua kicheko wakiwa na machozi machoni. Na mama akacheka. Mama yangu, aliyekaa siku mbili kama gogo, alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai, akafungua kinywa, akavuta pumzi ili ajibu.

Nami nikasimama. Mwalimu. Msomi. Mwenye wasifu wa kurasa nne. Nikamwendea yule mwanamke nikamvua lile koti kwa nguvu mbele ya watu wote, nikasema, "Bi mkubwa, heshimu msiba." Hapo ndipo kimya kilipotanda. Katika ukurasa wangu wote hilo tu lilikuwa kweli, na nililipa sababu ya uongo. Nilisoma wasifu. Hakuna aliyesikiliza.

Jioni, watu walipotawanyika, mama aliniita. Hakunigombeza. Alisema, "Alikuwa amerudi kidogo, mwanangu. Nilikuwa namjibu." Mama aliishi miaka miwili zaidi, na sikupata ujasiri wa kumwomba radhi. Koti nililichukua mimi. Ndilo hilo nililokuwa nalivaa kwenda Mtendeni na kusimama nalo ubavu.

Kuuandika ukurasa ule kulinichukua wiki tatu. Sikuwa na mbinu yoyote. Niliandika nani alikuwapo, alivaa nini, alisema nini, nani alifungua kinywa, nani akakifunga. Niliusoma kwa sauti chumbani, nikatumbukia kwenye mashimo yote, nikayafukia. Adhimu haikuingia.

Nilipoupeleka dukani nilimkuta mkwewe amekaa kwenye kompyuta. Akaniambia mama mkwe yuko nyumbani, macho yamekataa. Madaktari wamefanya waliyoweza. Ilikuwa Juni, asubuhi, baridi ile ya kipupwe inayokuja na jua kali lisilosaidia kitu. Nilikwenda kwake, nikamkuta uani, amekaa juani, anachambua mchele kwenye ungo kwa vidole. Anatoa mawe bila kuyaona, na wala hakosei. Miwani ilikuwa bado imefungwa kwa lastiki yake, haimsaidii, kaivaa kwa mazoea.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mpagazi wangu. Tua mzigo." Akanyoosha mkono, akashika mkono wa nguo yangu, vidole vikapanda hadi kwenye kiraka. "Koti la nani hilo?"

"La baba yangu," nikasema.

Kisha akasogeza ungo pembeni. "Haya, keti usome."

Nilisoma. Sauti haikuwa imara hata kidogo. Nilipofika kwa mama na ile nguzo ya turubai ilibidi nisimame, nikaanza tena. Nilimsoma yeye alivyotembea, nikajisoma mimi nilivyomvua koti, nikasoma aliyoyasema mama jioni. Nikakunja karatasi. Kuku wa jirani wakaja kwenye mchele, hakuwafukuza.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu basi, mtani. Imeishia hapo."

"Mama yako hakupata kujibu."

"Hakupata."

"Nipe hilo koti."

Nikalivua, nikamvika mabegani, mikono ya koti akaitafuta mwenyewe. Lilimzidi, amekonda yule mama. Akasimama. Akaisukuma miwani yake juu, ikakaa kichwani. Akatanguliza bega moja, hatua mbili, tatu, akapapasa mifuko, huu, na huu, na wa ndani, akapaza sauti hadi jirani wa nyumba ya pili akachungulia:

"Nani kaiba miwani yangu? Treni inakuja, sijasoma hati za mizigo!"

Nilicheka. Nililia na nikacheka, mtu mzima, mwalimu wa watu, uani kwa mtani. Naye alisimama akisubiri, kasogeza sikio upande wangu.

"Iko kichwani kwako, mzee wewe," nikajibu.

Akaishika. "Aa," akasema, "kumbe," akakaa chini kwenye ungo wake, akaendelea na mchele. Baada ya muda akaniambia nikampe mkwewe ule ukurasa auchape, asiache nafasi, ila niliposoma amelisikia "ghafla" mara mbili, niyatoe njiani kabla sijafika.

Niliyatoa. Koti sikumvua. Nilirudi nyumbani na shati tu, na baridi ya Juni ya Tabora mnaijua.